Wanafunzi wa kiangazi Utende: Mguu wa matende si maonyesho

Wiki hii safu yetu ya afya na twahara inavuka bahari hadi Mafia, katika kijiji cha Utende, ambako ndiko nilikooa na ambako hukaa sehemu ya kila mwaka.

Miezi ya Juni, Julai na Agosti kwetu ni kipupwe. Kusi inavuma, bahari ya nje ni nzito na alfajiri watu huenda msikitini wamejifunika mashuka. Kwa watu wa Marekani na Ulaya miezi hiyo hiyo ni kiangazi. Vyuo vyao vimefungwa, na vingi vina utaratibu wa kuwapeleka wanafunzi nchi za nje kwa wiki nne, sita au nane, wasome huku wakitembea, kisha masomo hayo yahesabiwe katika shahada zao. Hapa kwetu jambo hili si geni. Tangu mwaka 1989 vijana wa kujitolea wa shirika la Frontier la Uingereza, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walizamia katika ghuba ya Chole kupima matumbawe na samaki. Kazi ile ilichangia kuanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia mwaka 1995, ambayo ofisi zake ziko Utende hapa hapa.

Lakini wapo wageni wa aina nyingine ambao hawafuati matumbawe. Hawa wanakuja kusoma mambo mawili kwa pamoja: utamaduni wa watu wenye asili ya Afrika waliotawanyika duniani, yaani diaspora, na afya ya jamii. Miongoni mwao wamo vijana weusi wa Marekani ambao babu wa babu zao walitolewa bara hili kwa minyororo. Hao ndio ninaotaka kuwazungumzia leo, na sisi wenyeji wao pia.

Niseme mapema kwamba sipingi kuja kwao. Mgeni ana haki zake katika Uislamu, na sijaona ubaya kwa kijana kuvuka dunia kutafuta elimu. Ninachopinga ni namna tunavyowapokea na kile tunachokubali kuwaonyesha.

Mwezi wa Agosti mwaka 2016 walikuja vijana kama kumi na wawili pamoja na mwalimu wao. Asubuhi walivushwa kwa mashua kwenda kisiwa cha Juani kuona magofu ya Kua, mji ambao mwanzoni mwa karne ya 19 ulivamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska, watu wakauawa na wengine wakachukuliwa utumwani. Walirudi kimya kimya, jambo lililonipendeza. Mchana ratiba yao ilisema ni somo la afya ya jamii. Sijui nani alipanga, lakini mtembezaji aliwachukua moja kwa moja hadi kwa mzee mmoja jirani yetu, mvuvi wa zamani, mwenye tende la mguu wa kushoto. Mzee alikuwa barazani anashona wavu. Akaambiwa ainue msuli, akainua. Simu zikatoka mifukoni. Mwalimu akaeleza kwa Kiingereza kwa dakika kama kumi, akionyesha kwa kidole bila kugusa, kisha mzee akapewa shilingi elfu tano na msafara ukaondoka. Hakuna aliyemuuliza jina.

Nilikuwepo. Nilikaa kwenye benchi la upande wa pili nikitazama, na wala sikusema neno.

Baada ya Alasiri mmoja wao akarudi peke yake. Alikuwa binti mweusi aliyesema kwao ni South Carolina, mwenye Kiswahili cha darasani, cha polepole lakini safi. Akavua viatu mlangoni, akasema "Shikamoo babu," akangoja "Marahaba" ndipo akakaa. Akaomba radhi kwa ajili ya picha. Halafu akauliza swali ambalo mimi, jirani wa miaka tisa na mwandishi wa mambo ya afya, sikuwahi kuliuliza: "Babu, mguu huu unauosha na nini?"

"Siuoshi, mjukuu wangu," mzee akajibu. "Maji yanauongeza."

Tukazidi kuongea. Ndipo nilipojua kwamba mzee huyu, ambaye nyumba yake haifiki hatua mia moja kutoka msikitini, alikuwa hajaswali jamaa kwa miaka minne isipokuwa Idi mbili. Mguu ulikuwa unatoa harufu. Aidha, bombani alikuwa akichukua muda mrefu na watu nyuma yake wakiguna. Akaona heri aswali nyumbani. Sisi tulidhani ni uzee.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Matende na mabusha ni ugonjwa mmoja. Unaletwa na minyoo myembamba kama uzi, ambayo hukaa katika mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwili kutoka miguuni, mikononi na sehemu za siri. Minyoo huishi humo kwa miaka na kuzaa mamilioni ya watoto wanaoingia kwenye damu. Mbu anayemuuma mgonjwa huwachukua watoto hao, na baada ya siku kadhaa humpelekea mtu mwingine. Hapa pwani kazi hiyo hufanywa na mbu wa malaria na pia yule mbu wa majumbani anayezaliana kwenye vyoo vya shimo vyenye maji, makaro yaliyopasuka na mitaro iliyoziba. Kwa hiyo dafu halina hatia. Najua nimeandika maneno mazito kwa watu wa Mafia, ambako kila kijana ameonywa na bibi yake kwamba ukinywa madafu mengi utapata busha. Kunywa dafu lako, lakini funika choo chako na ulale ndani ya chandarua.

Watoto wa mnyoo huyu wana tabia ya ajabu. Katika ukanda wetu hujitokeza kwa wingi kwenye damu ya juu usiku, saa ambazo mbu huuma. Ndiyo maana kwa miaka mingi watafiti walikuja vijijini kutoboa watu vidole saa nne, saa tano, hadi saa nane za usiku. Msomaji wa pwani anajua neno gani lilikuwa likitembea mitaani asubuhi yake: mumiani. Watu walikimbia na watoto wao. Siwalaumu sana, kwa sababu mtu anayekuja usiku kuchukua damu bila kueleza kwa lugha unayoielewa anaitafuta sifa hiyo mwenyewe. Siku hizi kipo kipimo kinachoweza kufanywa mchana, lakini funzo la mumiani bado lipo pale pale, nalo linamhusu mwanafunzi mwenye simu kama lilivyomhusu daktari mwenye sindano.

Sasa kuna jambo ambalo mwalimu wa wale vijana hakulisema barazani, na kama angelisema lingetosha kuwa somo la wiki sita zote. Ugonjwa ule uliokuwa mbele ya yule binti ulipata kuwepo kwao South Carolina.

Uchunguzi wa vinasaba vya mnyoo huyu uliochapishwa mwaka 2019 unaelekeza kwamba asili yake ni Asia ya Kusini Mashariki. Alikuja Madagaska na Afrika Mashariki ndani ya damu za wasafiri wa Bahari ya Hindi, njia ile ile ambayo wataalamu wanasema ilituletea umbo la ngalawa. Kutoka Afrika akavuka Atlantiki katika majahazi ya watumwa. Kisiwani Barbados ugonjwa ulizoeleka kiasi kwamba Waingereza wakauita "mguu wa Barbados", na daktari James Hendy akauandikia kitabu mwaka 1784. Ulienea Haiti, Guyana na Brazili. Katika Marekani yote ulishika mizizi katika mji mmoja tu, nao ni Charleston, South Carolina, bandari iliyopokea sehemu kubwa ya Waafrika waliouzwa Amerika ya Kaskazini. Kila nyumba pale ilikuwa na tangi au kisima cha kukingia maji ya mvua, na mbu wakajaa. Mji ulipojenga mabomba na mifereji ya maji machafu na kuondoa yale matangi, ugonjwa ukapungua, na ilipofika miaka ya 1930 ulikuwa umekwisha. Hawakuwa na vidonge vya kugawa. Walisafisha maji.

Na sisi tusijifiche. Ni rahisi kumwonyesha mgeni mweusi magofu ya Kua na kumwambia Wasakalava walitufanyia hivi. Ni vigumu zaidi kumwambia kwamba wenye mashamba ya minazi ya Mafia, walioishi Chole katika nyumba za mawe, walilimiwa na watumwa, na kwamba mabwana hao walikuwa wakiswali kama sisi. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa, jirani zetu wa kusini, aliwekeana mkataba na Mfaransa Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya kisiwa kinachoitwa leo Mauritius. Utumwa katika Tanganyika ulifutwa kwa sheria mwaka 1922 tu, na wapo watu waliozaliwa na wazazi waliouona. Kijana aliyekuja kusoma habari za diaspora anastahiki kuusikia ukweli huu kutoka kwetu, na sio kuusoma baadaye kwenye kitabu akagundua kwamba tulimficha.

Nirudi kwenye mguu. Dawa ya kuua watoto wa minyoo ipo na hutolewa bure. Mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianza mwaka 2000, na wilaya ya kwanza kabisa kugawiwa vidonge ilikuwa Mafia. Mpango huo uliongozwa kwa miaka mingi na Dkt. Mwele Malecela, ambaye mwaka 2018 alikwenda kusimamia magonjwa ya namna hii katika Shirika la Afya Duniani (WHO) hadi alipofariki Februari 2022. Vidonge vile, ivermectin na albendazole, humezwa mara moja kwa mwaka na kijiji kizima, wagonjwa na wazima, kwa sababu lengo ni kukata mnyororo wa kuambukizana. Jirani zetu Malawi walithibitishwa na WHO mwaka 2020 kwamba ugonjwa huu si tatizo tena la afya ya jamii kwao. Pwani yetu imechukua muda mrefu zaidi, na mbu ni sehemu kubwa ya sababu. Wenzetu wa Makunduchi, Unguja, waliona jambo hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, pale vyoo vya shimo vilipomwagiwa punje nyepesi za plastiki zinazoelea juu ya maji, mbu akakosa pa kutagia, huku watu wakipewa dawa. Ugonjwa ulishuka sana. Ni teknolojia ya bei ndogo na sijui kwa nini tuliiacha isahaulike.

Lakini vidonge havirudishi mguu uliokwisha kuvimba. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa, na hapo ndipo palipo na habari njema ambayo haijafika kwenye mabaraza yetu.

Habari hiyo ilitoka Recife, mji wa kaskazini mashariki mwa Brazili, uliojengwa kwa sukari na jasho la watumwa, wengi wao kutoka Angola na Afrika Magharibi. Matende yalibaki katika vitongoji vyake vya kimasikini hadi zama zetu. Daktari mmoja wa huko, mwanamama Gerusa Dreyer, pamoja na wenzake walichunguza kwa makini wagonjwa wa matende na kuona kwamba kinachozidisha uvimbe baada ya minyoo kuharibu mishipa ni vijidudu vya kawaida vinavyoingia kupitia mipasuko midogo ya ngozi, hasa katikati ya vidole. Kila vikiingia, mgonjwa hupata homa na baridi, mtoki unauma, mguu unakuwa mwekundu na wa moto, na ukipoa unabaki mnene kuliko mwanzo. Wakasema basi, tuzuie vijidudu visiingie. Njia yao, waliyoichapisha mwaka 2002 katika kitabu cha kufundishia, ni kuosha. Wagonjwa wakakusanyika katika vikundi, wakafundishana, na homa zile zikapungua sana. Mwaka 2024 WHO iliithibitisha Brazili kwamba imeutokomeza ugonjwa huu.

Fikiri, ndugu msomaji. Maradhi yalitoka Afrika ndani ya damu ya watu waliouzwa, na elimu ya kuyatuliza ikarudi Afrika kutoka katika mji wa wajukuu zao. Ukiniuliza mimi nini maana ya somo la diaspora na afya, nitakuonyesha beseni la maji.

Namna ya kuosha haihitaji fundi. Chukua maji safi yasiyo moto, sabuni ya kawaida isiyo na marashi makali na vitambaa viwili laini. Osha kuanzia juu kushuka chini, bila kusugua kwa brashi, upite ndani ya kila mkunjo wa ngozi na katikati ya kila kidole. Suuza hadi maji yatoke meupe. Halafu kausha kwa kugandamiza kitambaa, tena taratibu, hadi katikati ya vidole pawe pakavu kabisa. Palipo na mpasuko au fangasi paka dawa uliyopewa na zahanati. Ukikaa, inua mguu juu ya kigoda; ukilala, weka mto chini ya godoro upande wa miguu. Chezesha kifundo cha mguu mara nyingi kwa siku, na usitembee pekupeku. Usichanje chale, usiweke majani ya moto. Siku homa ikija, pumzika, poza mguu kwa kitambaa cha maji baridi, na uende zahanati upate dawa. Hayo yafanyike kila siku, sio siku mgeni anapokuja.

Kuhusu udhu nina neno, na wale wanaodhani kwamba Muislamu anayeswali sala tano hana haja ya mafundisho haya wanisikilize. Ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) alimuelekeza Sahaba Laqit bin Sabira kutimiza udhu na kupitisha vidole katikati ya vidole, kama walivyopokea Abu Dawud na Tirmidhi. Hakuna daktari wa Recife aliyetutangulia katika hilo. Lakini wangapi kati yetu wanafanya? Angalia bomba la msikiti wowote Ijumaa, utaona mguu ukipitishwa chini ya maji kama gari linalovuka kijito. Halafu tunatoka na maji katikati ya vidole, tunaingiza miguu kwenye kandambili au tunakanyaga mchanga, mara tano kwa siku. Kwa mtu mzima si kitu. Kwa mwenye matende ule unyevu ndio shamba la fangasi, na fangasi ndiyo inayofungua mlango.

Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, ni bora kutojifuta baada ya udhu, lakini hiyo ni kwa asiye na udhuru. Maradhi ni udhuru. Mgonjwa wa matende ajifute, akauke, wala asione amepunguza kitu katika ibada yake. Na mwenye kidonda ambacho daktari amemkataza kukilowesha anayo ruhusa yake katika fiqhi, amuulize sheikh wake badala ya kuacha sala au kuacha jamaa. Maimamu wetu, semeni haya kwenye mimbari. Khutba moja ingemrudisha msikitini mzee wangu miaka minne kabla ya mwanafunzi wa Kimarekani. Si gharama kubwa pia kuweka kiti kimoja na bomba moja la pembeni ambapo mwenye mguu mzito ataosha bila kuharakishwa.

Tulichofanya siku ile ni kidogo sana. Shemeji yangu ambaye ni muuguzi alikuja na beseni, akamwonyesha mjukuu wa mzee, kijana wa madrasa wa miaka kumi na miwili, na yule binti akashika kitambaa cha kukaushia. Kwa wiki mbili zilizobaki alikuja kila jioni. Wenzake watatu wakamfuata. Kisha kiangazi chao kikaisha wakaondoka, na kazi ikabaki kwa mjukuu. Mguu haukurudi kuwa kama wa kulia, nisimdanganye mtu. Lakini harufu iliisha ndani ya mwezi, homa zilizokuwa zikimwangusha karibu kila mwezi zikawa mara moja au mbili kwa mwaka, na mwezi wa Desemba mzee alikaa safu ya pili kwenye kiti, Ijumaa, kanzu imepigwa pasi.

Upande wa pili wa hadithi ni mchungu. Mwaka uliofuata jamaa mmoja aliyeko Dar es Salaam alituletea kijitabu cha kutangazia safari ile ya masomo. Ukurasa wa ndani palikuwa na picha ya mguu wa mzee wetu, bila uso, bila jina, chini ya maneno ya kuwaalika vijana waje wajionee. Siutaji uongozi wa safari wala chuo. Mzee aliitazama picha kwa muda akasema, "Huu ni wa kabla hatujauosha." Ndivyo alivyosema tu. Tuliandika barua kuomba picha iondolewe, na mpaka leo hatujapata jibu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa kiangazi anakaa siku arobaini, na sisi tunaendelea kumpa dafu na kumtembeza. Rai yangu kwa serikali ya kijiji cha Utende, na vijiji vingine vya pwani vinavyopokea wageni hawa, ni kwamba jembe lao liwe beseni. Anayetaka kusoma matende afundishwe kuosha kwanza, na asimtazame mgonjwa hata mmoja kabla ya kukubali kumhudumia siku zote za ukaaji wake chini ya muuguzi wa zahanati. Jina la mgonjwa alijue. Picha isipigwe, na kama ipo sababu ya kweli ya kitabibu, mgonjwa aulizwe kwa Kiswahili, peke yake, bila pesa kuwekwa mezani, na aambiwe itaonekana wapi.

Wanaokuja kwa utafiti, sheria ipo. Kibali cha COSTECH kinatakiwa, na utafiti wa afya za watu lazima upite kwenye kamati ya maadili ya NIMR, ndipo barua ishuke wilayani hadi kwa mtendaji wa kijiji. Mwenyekiti asione haya kuuliza karatasi hizo kwa sababu mgeni ni mweupe, au kwa sababu ni mweusi na ametuita ndugu. Na matokeo yarudi, yasomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji.

Jambo la mwisho ni gumu kidogo kuliandika, nalo ni sitara. Mwanamume mwenye busha asifunuliwe mbele ya wanafunzi kwa hali yoyote. Daktari ameruhusiwa kuona uchi wa mgonjwa kwa dharura ya matibabu, na ruhusa hiyo haimhusu mtalii aliyeandikishwa chuoni. Busha linaondolewa kwa upasuaji usio mkubwa. Mwenye nalo aende hospitali ya wilaya Kilindoni aulize, aachane na aibu. Ama wanawake, mguu wao wote ni sitara na kanga zetu ni ndefu, kwa hiyo hesabu ya wenye matende tunayoisema barazani ni ya wanaume tu. Hapa mabinti wa kigeni wanaosomea uuguzi wangeweza kuwa na faida ambayo wanaume hatuna, wakiongozana na wauguzi wa kike wa kwetu, nyumba kwa nyumba, ndani ya ua.

Nasema hivi kwa kuwa mzee wetu alifariki mwaka 2021, Mwenyezi Mungu amrehemu. Siku ya tatu ya matanga, vyombo vilipokuwa vikirudishwa kwa wenyewe, dada yake alimwita mke wangu pembeni akamuuliza kama beseni lile lina mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, ameishi nyumba ya tatu kutoka kwetu muda wote ule, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba naye anao.